Pointi Kumi na Tisa za Bibi wa Ngazi

Hakuna kilichomchoma Bulaimu kama mtu aliyesema kwamba filimu fulani ni mbaya kwa sababu ni ya zamani, au kwa sababu imetengenezwa na watu wasio na hela. Hapo angeacha chakula chake kipoe, akuketishe chini, na usingeinuka mpaka umekubali kwamba hukujua ulichokuwa ukisema. Wengine walikubali upesi ili wapate kwenda zao. Hilo pia alilijua, na lilimuuma.

Alikuwa mtu wa mashine ya kuonyeshea filimu katika sinema ya mji wa Kindu, mtaa wa Kasuku, jengo refu la mabati ambalo watu waliliita Sale ya Mugiriki, yaani ukumbi wake, hata baada ya Mgiriki mwenyewe, mwenye sinema, kuondoka. Aliondoka mwaka 1974, Serikali ilipochukua biashara za wageni na kuwapa wananchi. Mwananchi aliyepewa sinema alikuja mara moja tu. Alitazama viti, akachukua vilivyokuwa vizima pamoja na feni kubwa, akapanda gari, na huo ukawa mwisho wa kumwona. Bulaimu akabaki na mashine, jenereta lenye kifua kibovu, mabenchi, na filimu kumi na moja.

Zote kumi na moja zilikuwa za kutisha. Mgiriki alizikodi kwa mkupuo kutoka kampuni moja ya mbali, kwa sababu miji mingine ilikuwa imezikataa: za kale, nyeusi na nyeupe, zimepigwa harakaharaka ndani ya nyumba moja, na wachezaji ambao hakuna aliyewasikia tena. Alipoondoka, kampuni haikuleta nyingine wala haikuja kuchukua zake. Basi kwa miaka tisa watu wa Kindu walitazama filimu hizohizo, zamu kwa zamu, mpaka wakazijua kama mtu anavyowajua mashemeji zake.

Kila Alhamisi saa tisa mchana madirisha yalizibwa kwa magunia, watu wakaketi na jasho lao, filimu ikaanza. Mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna aliyesikia neno, na siku hiyo filimu ilihukumiwa kwa macho peke yake. Ikiisha, hakuna aliyeondoka. Walisimama mlangoni wakibishana, kila mmoja na lake, hadi Bulaimu atoke na kitambaa chake cha mafuta, afungue daftari na kusoma pointi. Alikuwa amesoma kwa mapadri mpaka darasa la tano, na alichotoka nacho huko ni Kifaransa cha kuombea maji, pamoja na imani kwamba kila kitu kinaweza kupewa pointi kati ya ishirini.

Mshindani wake pale mlangoni alikuwa Kasimu, fundi cherehani, mtu asiyesamehe. Yeye alitazama nguo.

"Maiti ya hawa inazikwaka na koti na viatu," alisema kila mara jeneza lilipofunguka. "Halafu wanashangaa inatoka. Si wamemuvalisha nguo ya safari?"

Bulaimu alicheka, akakata pointi mbili, maana neno lilikuwa na haki yake. Lakini kwa uzi hakukata. Katika filimu ya popo, uzi unaomvuta huyo popo unaonekana hata na mtu wa benchi la nyuma, na wauza samaki kutoka Lokandu walipoiona mara ya kwanza waliangua kicheko sale nzima. Bulaimu aliwafokea kupitia tundu la mashine, na filimu ilipokwisha akawafuata mpaka barabarani.

"Uzi haina kosa," aliwaambia. "Kosa iko kwa muchezaji akiona uzi. Ule bwana hakuona uzi, aliona popo. Mulitazama shingo yake?"

Ndivyo alivyohukumu. Alipenda umaskini wa filimu zile, na hakuona haya kuusema. Mwenye hela, alieleza, anakuonyesha zimwi zima, na meno yake na magamba yake, na ukishamwona dakika tano umemzoea. Asiye na hela ana mlango tu. Katika filimu moja mlango uleule ulitumiwa kwa nyumba tatu, watu wakatukana, lakini Bulaimu aliipa kumi na nne, kwa kuwa walipofika nyumba ya tatu sale yote ilikuwa imekwisha kuuogopa ule mlango hata kabla haujafunguliwa.

Juu ya zote ilikuwa Bibi wa Ngazi. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua, kwa sababu mwanzo wa bobini ya kwanza ulikuwa umeungua na jina lake. Bobini ni gurudumu linalozungushiwa filimu, kila moja ndani ya bati lake, na hii ilikuwa na tatu. Katika ya kwanza mwanamke anaolewa, anaingia nyumba yenye ngazi ndefu. Katika ya pili anakufa, anazikwa kwenye mvua ya kumwagwa kwa ndoo; ukitazama vizuri ndoo yenyewe unaiona. Katika ya tatu yuko mezani, anagawa supu. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna anayemuuliza umetoka wapi. Anakohoa, mumewe anamfunga kifungo cha mkono wa gauni na kumtazama kwa hofu, kama mtu anayejua kwamba alichonacho hakikai. Kisha anachukua taa, anapanda ngazi, anageuka mara moja, na filimu inakatika papo hapo.

Kindu yote ilikubali kwamba haijawahi kuona kitu cha kutisha namna hiyo, na cha upole namna hiyo. Hata Kasimu hakuwa na la kusema kuhusu nguo. Bulaimu aliipa kumi na tisa.

Lakini hukumu hiyo haikuwa ya macho tu. Hadidja, mkewe, ndiye aliyekuwa akiuza tikiti kwenye kidirisha. Mwaka 1976 mende walianza kula karatasi za namba zilizobandikwa juu ya mabati ya filimu. Kabla hazijaisha, Hadidja, ambaye tayari alikuwa anakohoa, alitumia siku tatu kuyapanguza mabati yote na kuyapanga kwenye rafu kwa kufuata namba zilizosomeka bado. Filimu kumi Bulaimu alizijua kichwani. Ya kumi na moja alikuwa hajaipiga kamwe. Alikuwa ameiweka akiba, ili siku zote abaki na moja asiyoijua. Hiyo Hadidja aliipanga ya mwisho, peke yake kwenye rafu ya chini, na ikawa kazi ya mwisho ya mikono yake. Hakuinuka tena. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Baada ya arobaini Bulaimu aliitoa ile filimu. Bati la kwanza alilijua kwa ule mwanzo ulioungua. Lilikuwa mwisho kabisa wa rafu, upande wa kuume, akadhani Hadidja amelitenga kwa sababu ya kuungua. Mawili yaliyobaki akayachukua kuanzia kushoto, moja baada ya jingine. Mwanamke wa filimu alipokufa, alitaka kuzima mashine akimbie. Hakukimbia, akatia bobini nyingine, na yule mwanamke akawa mezani, anagawa supu. Bulaimu alisimama ameshika kifuniko cha mashine mpaka kikamuunguza, na kovu lile lilibaki kiganjani.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi akirudi nyumbani alitandika mkeka na kuweka sahani mbili.

Mwavita, mdogo wake Hadidja, ndiye aliyeshika kidirisha cha tikiti baada ya dada yake, na siku hiyo ya wiki ndiye aliyempelekea chakula. Sahani ya pili ilimtia hasira kila alipoiona.

"Shemeji, ile sahani ni ya nani?"

"Unajua."

"Yaya, dada yangu, tulimuzika. Miye njo nilimuosha, na mikono hii. Weye unamufanyia nini sasa? Ni zambi."

"Mule ndani ya filimu hawakumuuliza kitu, Mwavita. Walimuwekea sahani tu."

"Mule ni Wazungu. Tena Wazungu wa uongo."

Bulaimu hakuwa mwendawazimu, na asichukuliwe hivyo. Alijua kwamba mchezaji akishazikwa anaondoka kwenda kula chakula chake cha mchana. Lakini alikuwa hakimu, na hakimu aliamini kwamba watu wasio na hela hawawezi kuiweka sale nzima roho mkononi kwa uongo mtupu. Lazima yuko mtu aliyelijua jambo hilo, aliyewahi kumwona aliyekufa akirudi na kikohozi chake, akapokewa bila maneno. Filimu ikiwa ya kumi na tisa kweli, basi na sahani ina maana. Isipokuwa hivyo, yeye ni mjane anayecheza na vyombo. Miaka saba alikataa kuoa tena, na miaka saba pointi zile ndizo zilizomshikilia.

Mwaka 1983, mwezi wa tano, akafika Léon, karani wa kampuni ya filimu. Kwenye karatasi za Serikali aliitwa jina lingine, kwa kuwa majina ya Kizungu yalikatazwa, lakini kwa watu wa sinema alijitambulisha hivyo. Alitumwa kukusanya filimu zilizosahauliwa: zenye thamani azipakie kwenye treni, zisizo na thamani aziache zitupwe. Alikuwa mtu wa adabu, na aliposikia habari za daftari la Bulaimu aliomba asomewe.

Bulaimu alisoma zote kumi na moja, akitetea kila pointi. Alipofika kumi na tisa alifunga daftari, kama imamu aliyemaliza hotuba.

"Hii ya ngazi," Léon alisema taratibu, kwa heshima ya mtoto kwa baba, "papa, muliipigaka namna gani? Miye nimetoka Kalima na bobini yake moja. Mugiriki aliazimishaka sale ya kambi ya migodi, hawakurudisha. Hii njo ya ine."

"Ya ine? Hapana. Iko tatu tu."

"Iko ine. Mwisho yake njo hii."

Miaka saba yule mwanamke alikuwa amepanda ngazi na kugeuka, na hakuna aliyejua alichokiendea huko juu. Sasa mwisho ulikuwa pale, ndani ya bati lenye kutu, mkononi mwa mgeni. Habari ikazagaa mjini kabla ya adhuhuri. Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Bulaimu alinyoa ndevu, akavaa kanzu nyeupe ambayo hakuwa ameivaa tangu Idi, na saa nane sale ilikuwa imejaa hadi watu wakasimama ukutani.

Bobini ya kwanza ilikuwa inazunguka tayari, harusi imeanza, wakati Léon alipoingia chumba cha mashine na karatasi yake ya kampuni. Alitazama bati ambalo Bulaimu alikuwa analiandaa, akatoa kipande cha filimu, akakiinua kwenye mwanga.

"Papa, hii njo ya tatu. Iko na kaburi."

"Hii njo ya pili."

"Soma hapa. Ya pili: bibi yuko muzima, anaanza kukohoa. Ya tatu: kifo na maziko."

Bulaimu alisoma. Kifaransa chake kidogo kilitosha, kwa bahati mbaya.

"Karatasi yako ilikosea," alisema. "Bibi yangu alipanga haya mabati, na yeye hakukoseaka. Kila mara ninayarudisha pale aliyaachaka. Angalia mwenyewe."

Mwavita alikuwa amefunga kidirisha na kuingia kuomba kitambaa. Aliwasikia. Alitazama rafu, pale nafasi za mabati matatu zilipokuwa zimeacha alama kwenye vumbi, na akanyoosha kidole mwisho kabisa, upande wa kuume.

"Ya moja ilikaaka hapa?"

"Njo hapo."

"Basi yaya hakukosea, Shemeji. Siye wa chuo tunaanzaka kuume, kama musahafu. Moja hapa, mbili katikati, tatu huku kwa mukono wa kushoto." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeonyesha chumvi iliko, na ndipo alipouona uso wa shemeji yake, akashusha kidole.

Bulaimu, mtu wa mapadri, alikuwa ameanza kushoto, akaipiga ya tatu kabla ya ya pili.

Mashine ilikuwa inalia, harusi inakaribia kwisha. Bado angeweza kutia bati alilozoea. Watu wangeshangilia, na Léon hangefanya fujo. Lakini hakimu asiyetaka kuona filimu nzima hana haki ya kutoa pointi, na hilo alikuwa amewafokea watu kwa miaka tisa. Akachukua bati la katikati.

Sale ilipomwona bibi akigawa supu kabla hajafa, ilinung'unika, kisha ikatulia. Alikuwa mwanamke mgonjwa tu anayegawa supu. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi kwa sababu hakuwa ametoka popote. Mume alifunga kifungo, na ule uso ambao Bulaimu alikuwa ameutafsiri kwa miaka saba sasa ulikuwa uso wa mtu anayechoka kuuguza. Alipanda ngazi akaenda kulala. Bobini iliyofuata akafa, mvua ya ndoo ikanyesha, kaburi likafukiwa.

Kisha ikaja ya nne, iliyotoka Kalima. Nyumba ileile, ngazi ileile, mume ameketi peke yake. Mlango wa juu ukafunguka polepole, na pale juu, na taa yake, akasimama yeye. Sale yote ikavuta pumzi. Bulaimu kwenye tundu lake alijikuta anasema kwa sauti, "Karibu." Bibi akashuka vidato vitatu. Mpelelezi mwenye kofia akatoka nyuma ya pazia, akamshika yule bibi kichwani, akavuta, na nywele zikabaki mkononi mwake. Alikuwa mtumishi wa nyumba. Walikuwa wamemvalisha nywele za bandia na gauni la marehemu ili kumtia hofu shemeji wa marehemu, aliyetia sumu kwenye supu. Mwenye kofia alieleza yote kwa dakika kumi, akitembea huku na huku, na nyuma yake ukuta wa karatasi ulikuwa unapepea. Neno la mwisho likaandikwa.

Watu wachache walicheka zile nywele. Wengine walitoka na kusimama mlangoni kama kawaida yao, lakini hakuna aliyeanza ubishi. Bulaimu alitoka wa mwisho, kanzu yake imeingia mafuta. Kasimu alimsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, jambo ambalo si tabia yake.

"Bulaimu, juma ijayo utupigie ile yetu. Tia kama zamani. Nani atakukataza?"

"Miye sasa ninajua," Bulaimu alisema.

"Papa," Léon alisema, "hii kampuni haitabeba. Ubakie nayo."

Bulaimu aliitikia kwa kichwa. Yote yalikuwa wazi kwake sasa, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Hadidja alikuwa amempangia kila kitu kwa haki: uhai, kikohozi, kaburi. Lilikuwa neno lake la mwisho kwake, na halikuwa na kosa hata moja. Yeye ndiye aliyemsoma kinyume kwa miaka saba, akasimama kwenye tundu la mashine kila zamu ya filimu ile ilipofika, akimshukuru kwa kitu ambacho hakukisema. Sasa alikuwa amemzika mara ya pili, na mara hii hapakuwa na mtu wa kumpa pole.

"Pointi ngapi?" mmoja aliuliza kutoka nyuma, kwa kuwa ndiyo desturi, na kwa kuwa hawakujua waondokeje bila hiyo.

Alifungua daftari. Wachezaji walijitahidi; akahesabu hilo. Ngazi ilikuwa nzuri, mlango pia. Lakini mwenye kofia alizungumza mno, na kwa nywele zile filimu iliuona uzi wake yenyewe. Alitoa kalamu, akafuta kumi na tisa kwa mstari mmoja, akaandika.

"Sita," alisema, na watu wakaanza kutawanyika kuelekea majumbani.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, Mwavita alikuja na wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Njiani alikuwa amepanga maneno: angemwambia polepole kwamba yaliyopita yamepita, kwamba hata Hadidja mwenyewe asingependa mtu ajitese hivi, na kwamba safari hii sahani ya pili aiache arudi nayo kwake, ikasaidie watoto. Alibisha hodi, akaingia.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Bulaimu alikuwa ameketi upande wake, kanzu bado mwilini, na mbele yake palikuwa na sahani moja.

Mwavita aliweka sufuria chini. Alitazama upande wa pili wa mkeka, pale palipokuwa patupu, akasubiri kidogo kana kwamba bwana huyu amesahau tu na sasa hivi atainuka kuileta. Hakuinuka. Ndipo Mwavita, ambaye hakulia siku ya kumuosha dada yake kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, na ambaye kwa miaka saba aliitukana ile sahani kila Alhamisi, alikaa chini mlangoni na kulia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani. Bulaimu alijipakulia wali, akala mpaka akamaliza.